Kardinali wa Shamba la Mpunga

Mpunga ukiwa bado na maziwa ndani ya punje una harufu yake. Si harufu ya wali wala ya majani mabichi. Iko katikati, kama mdomo wa mtoto aliyenyonya akalala. Kwetu, katika kijiji kimoja cha upande wa Beni, harufu hiyo ilipoanza kupanda asubuhi pamoja na umande, watoto walijua kwamba Jumamosi zao zimekwisha. Tulitumwa shambani kuamia ndege. Baba alikuwa ametujengea dungu, jukwaa refu la miti iliyofungwa kwa kamba za msituni, na kutoka hapo juu zilitoka kamba nyingine hadi pembe zote za shamba, zimetundikwa makopo matupu. Ukivuta, makopo yanalia na ndege wanaruka. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nasema hivi kwa sababu sina hakika, na katika habari hii sitaki kuongeza kitu.

Kazi yetu ilikuwa kufukuza ndege, lakini humfukuzi usiyemwangalia, na macho hayana pazia. Majina yao ya vitabuni siyajui hadi leo. Niliishia darasa la sita. Nilikuwa nawajua kwa mwendo. Kulikuwa na mmoja mdogo mwenye mkia mrefu kumpita mwili mara mbili, aliyekuwa akiruka juu na chini mahali pale pale mbele ya jike, kama utepe unaochezewa na mtu asiyeonekana. Kulikuwa na wale wa kijivu wenye mdomo mwekundu, waliokuja kundi zima na kutua kwa pamoja, shina la mpunga likiinama bila kuvunjika. Lakini niliyempenda kupita wote ni mmoja mwekundu kama kaa la moto, tumbo jeusi, aliyekuwa akikaa kwenye matete ya bondeni. Alipotaka kucheza alijivimbisha manyoya hata akawa mviringo, kisha akaelea polepole juu ya matete, mabawa yakivuma kama nyuki. Nilimwita Kardinali, kwa ajili ya picha ya kardinali mwenye kanzu nyekundu niliyoiona parokiani. Dada yangu Masika, aliyenizidi miaka minne, alicheka hadi dungu likatikisika.

"Huyu Kardinali yako iko na mabibi tatu kule mu matete, nimebahesabu," aliniambia. "Padri akisikia, utaungama wewe!"

"Yaya," nilimjibu, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa, "hapana sema vile. Ile ni masista yake."

"Masista banataga mayai?"

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo kosa langu litaonekana dogo. Mashamba yetu yalishuka mlimani moja chini ya lingine, na ndege walitoka msituni kule juu. Shamba letu lilikuwa la kwanza. Aliyekaa juu ndiye aliyewaona kabla ya wote, naye alipaswa kupiga ukelele, "Bako bashuka!", yaani wanashuka, hata kama kundi halikuelekea kwake, na wa chini akisikia aliamka na makopo yake akapeleka sauti mbele. Chini yetu lilikuwa shamba la Mama Kavira, mjane ambaye binti yake alikuwa ameolewa Butembo. Hakuwa na mtoto wa kumketisha dunguni. Alikwenda kuchota maji, alikwenda kutafuta kuni, akitegemea sauti zetu. Kwetu kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kuiba, kwa sababu mwizi huchukua anachoweza kubeba tu.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Masika, mimi nilikuwa msaidizi. Karibu na adhuhuri aliniambia anashuka mtoni kusukwa nywele na rafiki yake, atarudi upesi. Nami nilikubali. Naandika hivyo ili haki itendeke: alikosea kuondoka, nami sikumzuia. Muda kidogo baadaye Kardinali alitoka kwenye matete akaja kutua kwenye kamba yangu mwenyewe, karibu kiasi kwamba niliona jicho lake likinitazama. Hakuwahi kuja hivyo. Akaanza kujivimbisha. Ndipo nikaliona kundi likitoka msituni, kubwa, kama moshi ulioinama. Lilipita juu ya shamba letu bila kutua. Nilijua linakwenda wapi. Nilijua pia kwamba nikipiga ukelele Kardinali ataruka na hatarudi. Nikasema moyoni, kidogo tu. Nimejiuliza mara nyingi hiyo kidogo ilikuwa na urefu gani. Ilitosha kundi lile kushiba.

Mama Kavira alirudi na ndoo kichwani, akasimama kati ya mabua yaliyobaki matupu. Hakulia. Alipanda hadi chini ya dungu letu, maji yakimmwagikia mabegani, wakati Masika naye anafika mbio, nywele nusu zimesukwa.

"Nani alikuwa hapa yulu?" mjane aliuliza, akinyoosha kidole juu dunguni.

Nilisema nilisinzia. Sijui uongo ule ulitoka wapi. Ulikuja tayari umevaa nguo. Masika alinitazama, mimi niliyekuwa nimetoka juzi tu kitandani kwa malaria, kisha akamgeukia mjane.

"Ni miye, mama. Zamu ilikuwa yangu."

"Na macho ile Mungu alikupatia ni ya kupamba uso tu? Kichwa umesuka, shamba yangu umefumua!"

Baba hakuwa mtu mkali, na Mama Kavira hakumwonea mtu. Aliomba kilicho chake. Desturi ilisema aliyenyamaza alipe kwa mikono yake, na kwa kuwa mjane sasa alilazimika kwenda vibarua kila asubuhi ili ale, ilibidi mtu amlimie shamba lake asubuhi hizo hizo, hadi mavuno mengine. Masika alikuwa darasa la sita, amebakiza miezi michache afanye mtihani. Aliacha. Mwaka uliofuata mama yetu alijifungua, Masika akahitajika nyumbani, na mwaka mwingine kukawa na sababu nyingine. Mimi nilipita mbele ya shamba lile kila siku na daftari zangu, nikimwona ameinama na jembe. Alikuwa akinipungia mkono.

Leo tunaishi wote Mususa, hapa Butembo. Masika alinifuata hapa na watoto wake baada ya watu kukikimbia kijiji kwa sababu ya vita. Mama Kavira alifariki huko ukimbizini, bado akiamini kwamba ni Masika. Watu wachache wanaothubutu kwenda kuchungulia wanatuambia mpunga unajiotea wenyewe, madungu yameanguka, na ndege wamejaa kuliko zamani, maana hakuna mtoto wa kuvuta kamba. Kama ningekuwa mtu wa kupenda ndege tu, ningefurahi. Nawapenda bado. Huwa nawaangalia mwewe wakizunguka juu ya mabati ya soko, na furaha inakuja kama zamani, lakini haifiki peke yake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa uani tukichagua maharagi, nikamwambia yote: kwamba sikusinzia, kwamba niliwaona, kwamba nilinyamaza kwa ajili ya ndege. Vidole vyake vilisimama.

"Donc, kumbe uliona?"

"Niliona, yaya."

"Mimi nilisema, ni mutoto, iko mugonjwa, nilimuacha peke yake, kosa ni yangu. Miaka yote nilijua kosa ni yangu." Akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagi. "Na ulikuwa unapita pale na kartable yako ya masomo, unajua."

"Nilikuwa najua."

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimeutayarisha, lakini nilipoutazama niliona unaniombea mimi nafuu, si yeye. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma: "Ungeambia Mama Kavira. Yeye ndiye alikufa ananifikiria vile."

Akavuta ungo karibu yake akaendelea kuchagua. Sikujua kama anataka niondoke au nibaki. Nikabaki, lakini mikono yangu haikuthubutu kuingia kwenye ungo.