Nilimsingizia Mama Mkwe Moto wa Petroli Yangu

Makosa yalikuwa yangu, lakini aliyeungua si mimi. Hilo ndilo linaloniua. Nje ya familia yangu nimeshindwa kulisema mbele ya wanaonijua, kwa hivyo nakuambia wewe usiyenijua.

Mimi ni mke wa mvuvi hapa Karungu, kando ya Ziwa Victoria. Nauza samaki wa kukaanga, na wakati huo nilikuwa pia nauza petroli kwa wenye mashua za injini. Mitungi ilipoanza kuibiwa nje, niliiingiza jikoni, pembeni, ng'ambo ya jiko la makaa. Nilijiona mjanja kweli!

Mama mkwe wangu ni mjane, tunaishi naye boma moja. Kazi yake ilikuwa kurekebisha nyavu. Wavuvi walimletea zilizoraruka, naye akikaa hapo mlangoni pangu akizishona huku tukipiga gumzo. Alinionya. Jameni, alinionya!

"Nyathina," aliniambia, maana yake mtoto wangu, "hii petroli inanuka mpaka kwa chai. Itoe hapa. Mimi naogopa."

"Mama, imekaa hapa siku zote na hakuna kitu imefanya. Na jiko si iko kule?"

Aliguna tu, akaendelea na wavu wake.

Siku ya moto ilikuwa mchana, nakaanga mbuta, Mama yuko ndani ya mlango wa jikoni na nyavu zake. Mvuvi mmoja akaja mbio, anataka petroli, wenzake wanamngoja ufuoni. Akaniachia mtungi wake mdogo akakimbilia duka la jirani kununua mkate. Ningetoka nje nikamimine huko! Lakini niliogopa samaki wataungua. Nikamimina hapo hapo, mgongo nimeupa jiko.

Sikujua kwamba petroli haihitaji kumwagika motoni ndipo iwake. Mvuke wake hutambaa chini, huuoni, mpaka ukutane na makaa. Nilisikia kishindo tu, kisha sakafu yote ikawa moto.

Na mimi nilifanya nini? Nilitupa mtungi nikaruka nje, nikampita mama pale mlangoni! Sikumshika hata mkono. Nilichokimbilia ni ndoo ya maji, nikamwaga. Woi! Maji yaliubeba ule moto yakaupeleka mpaka miguuni pake, kwa nyavu. Nailoni ya zile nyavu iliyeyuka ikamganda mikononi. Kile kilio, bado nakisikia.

Yule mvuvi aliporudi ndiye aliyemvuta nje. Majirani wakauzima moto kwa mchanga.

"Imeanzaje?" yule mvuvi akaniuliza.

Sikufikiria hata kidogo. Uongo ulitoka wenyewe. "Ni Mama. Amegonga mtungi na mguu."

Mama alikuwa amelala chini, macho wazi. Alinisikia.

Hospitalini, mume wangu alifika na hasira. "Mama, kwani lazima upitie kwa vitu za watu? Ungeua bibi yangu!" Mama akageuza uso ukutani. Nami nimesimama hapo na chupa ya uji, kimya! Mtu mzima, mama wa watoto, kimya!

Alipotoka hospitalini, mume wangu alimnyang'anya jiko lake, akamkataza kuwasha hata kijiti cha kiberiti. Sokoni wanawake wakaanza kumcheka, eti ni mama wa kuchoma nyumba. Mama aliyelea watoto wake kwa jasho lake, sasa anangoja sahani kutoka kwangu. Vidole vya mkono wa kulia vilikauka vikajikunja, sindano ya nyavu haishikiki. Wavuvi wakapeleka kazi kwa wengine.

Siku moja nikimfunga bandeji, nilishindwa kuvumilia. "Mama, kwa nini hukusema ukweli?"

"Ningesema, angekufukuza. Na hawa watoto wangebaki na nani?" Akaangalia vidole vyake vilivyojikunja. "Lakini nyathina, inaniuma. Mtoto yangu ananiona mjinga."

Nililia mpaka yeye ndiye akaanza kuninyamazisha. Hebu fikiria aibu hiyo!

Jumapili baada ya kanisa niliwaita mume wangu na ndugu zake, nikasema yote, mama akiwa hapo. Hakuna aliyenipigia kelele. Mume wangu aliinuka, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaweka kichwa kwenye mapaja yake. Kisha akatoka nje bila kunitazama.

Hajanifukuza. Ni mama aliyekataa. Lakini ananisalimia kama mgeni, na sijui kama hilo litaisha. Petroli niliacha kuuza. Mama amerudishiwa jiko lake, ila mkono hauwezi kugeuza ugali. Mimi ndiye ninayesonga, yeye anashikilia sufuria kwa mkono ule mzima. Hanitajii lolote la ule moto. Afadhali angenitukana!

Wewe unayeficha petroli, mafuta ya taa au thinner ya rangi karibu na jiko, ukisema imekaa tu na haijafanya kitu, itoe leo. Itafutie mahali nje, ifunge vizuri, iwe mbali na moto na mbali na watoto. Usimimine karibu na makaa hata kama mteja analia. Ikiwaka, usimwage maji, tafuta mchanga. Na aliye karibu nawe mshike mkono mtoke pamoja.

Halafu watu wakija kuuliza imeanzaje, tafadhali, usimtazame aliyelala chini. Jitaje wewe.