Twyla Ashika Usukani

Tangu watoke pwani ya Virginia, Twyla Brubaker hakuwa ameiona Amerika. Alichokiona ni mgongo wa mumewe. Baiskeli yao ilikuwa ya watu wawili, Verlin mbele kashika usukani, yeye nyuma anakanyaga tu. Sasa walikuwa katikati ya Kansas, ngano kulia, ngano kushoto, na upepo wa mbisho ukiwapiga usoni tangu alfajiri.

Upepo angeuvumilia. Kilichomkera ni kusimamasimama. Verlin alikuwa tarishi wa posta miaka mingi huko Ohio, na hakuweza kumpita mtu bila kumsalimu. Asubuhi hiyo walishasimama kwa ajili ya mama aliyekuwa akipaka uzio rangi, kisha kwa ajili ya mbwa wake.

Kwenye kituo cha mafuta Verlin akamkuta mkulima aitwaye Delmar, na trekta bovu. Twyla akanywa soda, akaimaliza, akakohoa.

"Verlin, twende. Jua hilo linapanda."

"Nakuja, mpenzi. Bwana huyu ananieleza habari za gia."

"Gia zako mwenyewe zinakushinda!"

Delmar akacheka. Verlin akajipenyeza chini ya trekta. Hapo Twyla akachoka kabisa. Akapanda kiti cha mbele, akaenda zake.

Baiskeli ile ndefu ikayumba kama mlevi. Upepo ukamjaa kifuani, akatambua jinsi ule mgongo ulivyokuwa ukimkinga, na kutambua huko kukamuudhi zaidi. Akakanyaga mpaka mapaja yakawaka moto.

Mara pikapu ya Delmar ikaja, ikaenda naye sambamba. Verlin akatoa kichwa dirishani.

"Twyla! Umenisahau?"

"Sijakusahau. Nimekuacha."

"Basi simama nipande."

"Upande wapi? Si wewe uliyeapa tutavuka nchi nzima kwa nguvu zetu, gari marufuku? Sasa hicho ulichokalia ni nini? Tena na karanga mkononi!"

Verlin akazitazama zile karanga.

"Delmar," akasema kwa unyonge, "nirudishe pale uliponichukua."

"Una wazimu, mzee?"

"Nirudishe tu."

Verlin aliingia mji uliofuata jioni kwa miguu, akichechemea, viatu vyake vya baiskeli vikigonga lami ko, ko, ko. Twyla alikuwa kwenye bustani ya mji, keshasimamisha hema, keshakula.

"Njiani umesalimiana na wangapi?"

"Wachache tu." Verlin akajitupa kwenye nyasi. "Mmoja katualika kesho, kifungua kinywa."

Twyla akaingia hemani, akafunga zipu.