Jengo Lililoazima Cherehani Zetu

Kituo cha mafunzo ya ushoni cha mkoa kilijengwa nyuma ya nyumba yetu, Kiembe Samaki, na kwa miaka aliyekitumia kuliko wote alikuwa mdogo wangu, mlinzi wake. Ukumbi ulikuwa na feni, viti bado vimo kwenye nailoni, na ukuta ukipakwa rangi upya hata kabla ya ile ya zamani kuchakaa. Mtaani kwetu bomba lilikuwa likitoa hewa. Mimi hasira zangu ziko puani, sikuweza kupita langoni bila kumchokoza.

"Leo wamekuja wangapi?"

"Dada, mie nalipwa kulinda, silipwi kuhesabu."

Alikuwa akicheka, nami nikicheka, lakini nikiingia ndani donge linanikaa. Fedha ya umma imesimama pale inaota kutu, na hakuna anayeuliza.

Kisha zikaja habari za wageni. Wale waliotoa fedha walikuwa wanakuja kutazama, na wakiridhika lingejengwa jengo la pili ubavuni mwa hilo. Mkuu wa kituo, ambaye tukimwona msimu wa wageni tu, alipita nyumba kwa nyumba. Hakumwambia mtu adanganye. Alisema, "Tuna ugeni, mama zangu. Tuazimeni cherehani."

Kwetu neno hilo halikataliwi. Jirani akiwa na harusi au hitima, masufuria, masinia na majamvi hutoka kila nyumba, na kila chombo kina alama ya rangi chini yake ili kijulikane kwao kikirudi. Cherehani yangu ya mkono ina nukta tatu nyekundu tumboni, marehemu mama alizipaka kwa rangi ya kucha. Kwa cherehani hiyo alitulea, mimi na mdogo wangu. Niliitoa. Nikajitoa na mwenyewe, maana tuliombwa pia tukakae nyuma ya cherehani zetu.

Jioni ya kuamkia ugeni mdogo wangu alikuja kwangu. Mkewe alikuwa mjamzito, mimba yao ya kwanza.

"Dada, ulimi wako naujua. Funika kombe mwanaharamu apite. Nnakuomba."

Sikumwahidi kitu.

Asubuhi ukumbi ulinuka rangi mbichi. Karani alipita akibandika karatasi ndogo juu ya kila cherehani: mali ya kituo. Tulidhani ni pambo la shughuli, tukamwacha. Wageni wakaingia. Mmoja wao, mama wa makamo, alisimama mbele yangu akaishika kola ya kanzu niliyokuwa nikiishona.

"Mashaallah. Umejifunza lini kushona hivi?"

"Haya ndiyo matunda ya kituo chetu," mkuu alinijibia.

Matunda! Mimi ninayeshonea maduka ya Darajani tangu sijaolewa. Damu ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Ilipofika wakati wa maswali nilisimama, na hata sikujua nimesimama.

"Kuuliza si ujinga," nilisema. "Kabla hamjajenga jingine, mnaweza kutwambia hili lililopo limetumiwa na nani?"

Mkuu hakukasirika, alitabasamu, na tabasamu lile lilinitisha. Akaelekeza mkono mlangoni.

"Mlinzi yuko hapa tangu siku ya kwanza. Hebu waambie wageni. Akina mama hawa huja?"

Mdogo wangu alinitazama.

"Naam," alisema. "Kila siku."

Wakapiga makofi. Nilikaa.

Wageni walipoondoka tukaanza kufunika cherehani zetu twende zetu. Karani akatuzuia: chenye karatasi hakitoki mpaka wakaguzi wapite. Niliibeba yangu hivyo hivyo hadi langoni.

"Nifungulie."

"Siwezi, dada."

"Cherehani hii ya nani?"

Alitazama chini. "Nshasema mbele ya watu. Watanifukuza."

Niliirudisha ukumbini. Nyumbani nililia, si kwa huzuni, kwa ghadhabu. Sikukuu ilikuwa mlangoni, vitambaa vya watu vimejaa kitandani kwangu, na aliyenifungia lango ni mtoto niliyemlisha uji kwa mkono wangu.

Kesho yake nilijitwika furushi la vitambaa nikaenda.

"Nimekuja masomoni," nilimwambia. "Si huja kila siku?"

Alifungua. Majirani waliposikia wakanifuata, nasi tukashona nguo za Sikukuu chini ya feni za serikali. Kila asubuhi mdogo wangu alinipa shikamoo langoni, nami nikapita kana kwamba aliyesema ni ukuta.

Mwanzo nilijiona nimewaweza. Kisha mkuu akaanza kuja na mpiga picha. Alitupiga tukishona, tukicheka, tukila mihogo. Hapo ndipo nilipojiona nilivyo mjinga. Nisipokwenda sina cherehani. Nikienda, mimi ndiye ushahidi kwamba jengo lina watu. Swali nililouliza nimelijibu kwa miguu yangu mwenyewe, na sasa hata nikilipigia kelele barabarani, nani ataniamini?

Baada ya Sikukuu wageni walirudi kuidhinisha ujenzi wa jengo la pili. Mkuu aliwaleta moja kwa moja hadi nilipokaa.

"Bi huyu ndiye aliyeuliza nani anakuja hapa. Leo mwulizeni yeye."

Wakacheka. Yule mama wa makamo akaniinamia. "Bi, una swali jingine?"

"Langu dogo tu. Masomo yakisha, nitarudi nyumbani na cherehani yangu?"

"Cherehani ni ya kituo, Bi," alisema mkuu, upesi mno.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni na funguo zake. Mtoto wao alikuwa hajatimiza hata arubaini. Nilimtazama, na wallahi safari hii nilimwomba kwa macho anyamaze.

Hakuitwa, alikuja. Aliiinua cherehani, akaigeuza tumbo juu, nukta nyekundu zikaonekana.

"Hii ya marehemu mama yetu," alimwambia yule mgeni. "Na hizo kila siku nlizosema, hazikuwapo. Wameanza kuja tulipowazuilia vyombo vyao."

Aliweka funguo juu ya kanzu niliyokuwa nikiishona, akajitwika cherehani begani, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Nilikusanya vitambaa nikamfuata mpaka kwangu. Aliitua mahali pake, dirishani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikamwambia.

Jibu langu nililipata. Ubavuni mwa kituo hapajachimbwa msingi mpaka leo, na lango lina mlinzi mwengine. Mdogo wangu anatafuta kazi bado. Cherehani ya mama inalisha nyumba mbili sasa, na mkono wangu wa kulia haupumziki.