Komite ya Kumleta Mama Mkubwa

Kwetu Bukavu, watu watatu wakikutana kwa jambo lolote wanachagua komite kwanza, jambo lenyewe baadaye. Basi ilipofika habari kwamba mama mkubwa tumbo limemvimba na hawezi tena kusimama, familia ilikusanyika Ibanda, nyumbani kwa mjomba. Mama mkubwa ndiye aliyenilea pale Cimpunda, kabla hajarudi kijijini kwake Mwenga. Mvua ilikuwa imekata barabara. Pale gari lingeishia, ilibaki kutembea siku kadhaa, msituni na kando ya mto Elila, ili kumchukua na kumleta hospitalini. Kwa kazi hiyo tulichagua prezidenti, makamu wake, sekretari, mtunza sanduku, washauri wawili, na mimi nikawa protokole. Wa kumbeba mgonjwa hakuchaguliwa.

Prezidenti alikuwa mjomba mwenyewe, mdogo wake mama mkubwa, mtu wa ofisi mwenye sauti ya kusomea somo kanisani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga simu kijijini.

"Musimubebe kwanza," aliwaamuru. "Mugonjwa wetu hawezi ondoka bila familia. Watu watasema nini? Mungoje delegasio."

Kazi yake ya pili ilikuwa kikwembe, yaani kitenge cha sare. Alisema delegasio, yaani ujumbe wetu, haiwezi kufika kama watu waliofukuzwa na moto, kwa hiyo tukamngoja fundi wa Nyawera atushonee sote kitambaa kimoja, cha kijani chenye maua ya njano. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Huko mtu anakunja uso kwa maumivu, huku sisi tunabishana juu ya mikono mirefu na mifupi. Lakini fundi aliponiita, nilienda nikapimwa kama wengine.

Hatimaye tukaondoka. Gari lilitushusha kwenye tope, na mjomba akashuka na viatu vyake vyenye ncha, vimepakwa rangi vikang'aa. Msitu haukuvijali. Kabla ya jua kupanda vizuri kimoja kilikuwa kimefunguka mdomo, naye akakifunga kwa kamba ya mfuko wa unga na kuendelea kutembea kwa heshima.

Kutembea kwenyewe siko kulikotuchelewesha. Watu wa Bukavu tunajua kupanda milima. Kilichotuchelewesha ni kusimama. Kila kijiji tulichokuta, hata kama ni nyumba nne na mbuzi, mjomba alitaka delegasio itambulishwe. Mimi protokole nilitangaza majina ya vyeo, tukaimba, tukasali, kisha mjomba akatoa neno. Wenyeji walisikiliza kwa adabu, wakatuletea bugali na sombe, na baada ya kula ilibidi kutoa neno la shukrani. Nilikuwa namvuta shati. "Mjomba, mama anatungoja." Alikuwa ananijibu, "Mutoto, heshima haina mbio."

Kwenye kijito kinachoingia Elila tulikuta gogo moja tu la kuvukia, limelowa, maji yanapiga kelele chini yake. Washauri walikumbusha kwamba prezidenti hutangulia. Prezidenti aliliangalia lile gogo, akasema kwamba leo anapenda kuwaheshimu wanawake. Nikavuka wa kwanza, nikiwa na hasira ya kutosha kunishikilia juu.

Upande wa pili, njia inabana kati ya mto na mianzi. Mjomba alikuwa amesimama katikati yake, anatufundisha namna ya kuingia kijijini: nani ataanza kulia, nani atamshika nani. Ndipo tuliposikia miguu. Vijana wa kijiji, wanne chini ya mzigo na wengine nyuma wa kupokezana, walikuja mbio wamebeba tipoyi, kile kiti cha kulalia cha mianzi. Juu yake alikuwa mama mkubwa, amefunikwa blanketi, midomo imekauka. Walikuwa wametungoja hadi wakachoka kutungoja.

Mjomba akainua mkono. "Simameni! Mbele ya yote, kwa jina la familia..."

"Papa, acha njia," alisema kijana wa mbele, wala hakupunguza mwendo.

Mjomba aliruka kwenye tope akiwa na neno lake mdomoni. Tipoyi ikapita. Nilitupa cheo changu hapohapo, nikakimbia nyuma yao, nikaomba bega langu lipate zamu. Walinipa. Nililia njia nzima, na sikumuuliza mtu kama ni wakati wangu wa kulia.

Mama mkubwa alipasuliwa siku ileile aliyofika Bukavu. Daktari alituambia wazi kwamba wale vijana wangengoja siku moja zaidi, yeye angekuwa anazungumza na familia ya marehemu.

Alipopona tukafanya misa ya shukrani, na baada ya misa, karamu. Kikwembe cha kijani kilitoka tena, kimefuliwa na kupigwa pasi. Mjomba alisimama, akaeleza kwa kirefu jinsi komite ilivyoingia pori na kumtoa dada yake kwenye mdomo wa kifo. Makofi yakapigwa. Mama mkubwa akaomba neno. Akainuka polepole, mkono kwenye kovu.

"Mudogo wangu, aksanti ya kikwembe," alisema. "Lakini siye tulipitana mu njia. Weye ulikuwa umesimama, miye nilikuwa nalala. Na ni miye nilifika."