Udongo Aliouchukua Mtani Wetu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, basi la Nzega lilimshusha barabarani mzee mmoja wa kanzu, amebeba mfuko wa turubai. Vumbi halijatulia, kijiji kizima kilishaanza kujiuliza amefuata nini.

Ngoja kwanza nikueleze kijiji chetu kilikuwaje, maana leo mnaona mabati na bodaboda mnadhani kilizaliwa hivyo. Tulikuwa kaya zisizofika thelathini, mbele ya Lusu, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda ziwani. Kisima kilikuwa kimoja, duka moja, na siri hapakuwa na hata moja. Waislamu walisali, Wakristo walisali, waliobaki walitambikia mababu zao, lakini sote tulikuwa na dini ya pili, nayo ni kumshuku mgeni. Hiyo tuliirithi. Mababu zetu walikaa kando ya njia wakaona waliopita na pembe za ndovu, wakaona na waliopita na watu wamefungwa kamba. Ndiyo maana kwetu mgeni alipokewa mzigo kwa mikono miwili, halafu mzigo ukapimwa kimyakimya una uzito gani. Wala siwacheki. Hata leo mimi si mwepesi wa kumwamini mtu.

Mzee yule alijitambulisha kwa Shija, balozi wetu wa nyumba kumi. Akasema anaitwa Kondo, Mzaramo, anatoka kule karibu na Bagamoyo, na anatafuta kaburi lililo chini ya rundo la mawe. Shija akampa kitanda na ugali kama ilivyo desturi. Mke wa Shija alipousogeza ule mfuko ili afagie, akagusa chuma. Akachungulia. Mlikuwa na kijembe kidogo kipya na kitambaa cheupe.

Basi ikawa hiyo ndiyo habari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na lake. Enzi hizo kila kijiji kiliamini kwamba Mjerumani alipokimbia vita alifukia sanduku lake la mali hapohapo jirani, na kila kijiji kilimngojea mwizi wa kuja kulifukua. Sisi tukaona wetu amefika. Rundo la mawe analolitaka lilikuwepo kweli, kando ya njia, na tulijua ni kaburi la mpagazi wa zamani. Ni nani hasa, hatukujua, lakini kila aliyepita aliongeza jiwe, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa hiyo aliposema kaburi, tuliona ametunga uongo mzuri. Shija akapita nyumba kwa nyumba akisema mtu asimwonyeshe.

Kesho yake mzee akanikuta kisimani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mtani wangu," akasema. "Ati ninyi Wanyamwezi mlipofika pwani mara ya kwanza mliiona bahari mkauliza nani kafurisha mbuga?"

Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana, nawe utamchukulia kuku wake, na hakuna wa kununa. Nikamjibu, "Na ninyi mlipofika huku mliliona jembe mkauliza linaliwa na mboga gani."

Alicheka hadi akashika magoti. Kisha akaniambia kwamba babu yake mzaa mama alikuwa mpagazi, akaugua safarini, akazikwa hapa kwetu. Wenzake ndio waliorudi pwani na habari. "Nionyeshe, mjukuu wangu," akasema. "Naona wakubwa wako wananizungusha."

Mimi nikaona ni ujanja tu. Nikampeleka upande mwingine kabisa, mwisho wa shamba la karanga la baba, ambako baba alilundika mawe aliyoyatoa shambani. Nikamwambia ni hapa. Tayari nilikuwa nafurahia jinsi nitakavyowasimulia wenzangu.

Mzee akavua viatu. Akapiga magoti, akamwita babu yake kwa jina. Akamwambia, "Binti yako yu hai bado. Haoni tena, wala hainuki kitandani. Uliondoka akiwa tumboni, hakuwahi kukujua. Amenituma udongo wa hapa ulipolala, azikwe nao." Akachimba kwa kile kijembe, akajaza konzi tatu za udongo kwenye kitambaa cheupe. Kisha akaanza kukifunga fundo.

Mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Alichukua muda mrefu kufunga fundo lile. Nikaona aibu, nikamwogopa Shija, na hata hapo moyo uliendelea kuninong'oneza kwamba labda anaigiza. Shaka ikishazoea kukaa ndani ya mtu haitoki kwa kuona machozi. Mzee akainuka, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua. Nami nikaitikia amina.

Akapata lori la kumrudisha Nzega kabla ya adhuhuri. Wakati wa chakula nikasimulia, waliokuwepo wakacheka sana. Bibi yangu Nyanzala, mama yake baba, hakucheka. Alikuwa anachambua maharage, akausukuma ungo pembeni.

"Ulimpeleka wapi?"

"Kwenye mawe ya baba. Lakini bibi, si ni mtani wetu? Nilimtania tu."

"Siku nikifa mimi, nani atashika jembe achimbe kaburi langu?"

"Watani."

"Basi mtani unamwita mlafi, kuku wake unamla, msibani unamzuia njia mpaka atoe chochote. Kaburi humwibii. Ukishamwibia kaburi, wewe nani atakuzika?"

Akanituma nichukue udongo kwenye rundo la kweli nimkimbilie. Nilikimbia na bakuli mkononi hadi barabarani, nikakuta alama za matairi. Shija mwenyewe, bibi alipomweleza, aibu ikamshika, akapanda baiskeli hadi Nzega. Akaambiwa mzee wa kanzu ameshaondoka. Ndipo tukatazamana. Mfuko wake tulikuwa tumeupekua, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kijiji chake.

Miaka ikapita, nikaolewa, siku moja nikafika Bagamoyo na mume wangu. Nikaulizia mzee Kondo. Wakaniuliza Kondo yupi, maana hao ni wengi. Nikarudi kama nilivyokwenda. Mama yake yule mzee amelala siku nyingi sasa na udongo wa shamba letu la karanga, akiamini amelala na baba yake.

Naona siku hizi mgeni akishuka tu mnampiga picha, mnaitupia kwenye kundi la kijiji kwenye simu, mnaulizana nani anamjua, ilhali mwenyewe amesimama hapo mbele yenu ana mdomo. Sikukatazi kushuku. Matapeli wapo, na mimi mlango wangu naufunga kwa makomeo mawili. Ninachokuomba ni umuulize mtu machoni pake amefuata nini, na anatoka wapi. Ukishindwa kumwamini, mwambie waziwazi kwamba humwonyeshi. Atanuna, ataondoka, atamuuliza mwingine. Aliyenyimwa njia huendelea kuuliza, mwanangu. Aliyedanganywa hudhani amefika.

Mungu akukuze, akupe macho ya kumtambua mwovu na ulimi usiomponza mwema. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mgeni, unatafuta kitu ambacho huwezi kukitambua mwenyewe, akukutanishe na mtu bora kuliko nilivyokuwa mimi.