Neno Nililoliruka

Amini, mdogo wa marehemu mume wangu, ni kipofu tangu utotoni. Miaka tisa alisajili wagonjwa katika zahanati moja binafsi hapa mtaani Mukendo, kompyuta ikimsomea kila neno kwa sauti.

Mwaka jana walileta programu mpya yenye vitufe vya picha mahali pa maneno. Kwa Amini kompyuta ikawa inasema tu, "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Shemeji, nawaombaga wavipe majina," aliniambia. "Wananicheka: 'Mzee, si picha inaonekana?'"

Akavikariri kwa mpangilio: cha tatu kuhifadhi, cha nne kufuta. Alifanya kazi hivyo miezi miwili, hadi vitufe vikapangwa upya bila yeye kuambiwa. Asubuhi hiyo, akidhani anahifadhi, akafuta kila mgonjwa aliyemsajili.

Barua ya kumwachisha kazi ilitumwa kwenye simu yake, imepigwa picha. Simu ikasema, "Picha," ikanyamaza. Nikamsomea mimi. Katika ukoo wetu hajawahi kuitwa mtu mzembe, kwa hiyo neno hilo nililiruka.

Amini aliinamisha kichwa, akisikiliza.

"Shemeji, rudia hapo uliporuka."

Nikarudia.