Nilinunua kompyuta ya processor mbili kwa sababu nina wake wawili

Wakuu heshima kwenu, wakubwa zangu shikamooni.

Kuna uzi humu kijana kauliza achukue desktop ya core ngapi. Mmemrushia majibu mpaka nikamhurumia. Huyu sita, yule nane, mwingine anamwambia kumi na sita kabisa asije akajuta. Sijaona hata mmoja aliyemuuliza nani atakaa mbele ya hiyo kompyuta.

Nimeshindwa kukaa kimya maana mie haya yalishanikuta. Ninachoandika sijakitia chumvi. Mashahidi wote wawili wapo hai na mmoja kakaa hapa pembeni anasubiri nidanganye aniumbue.

Turudi miaka ya tisini, Temeke.

Nilikuwa karani wa masjala kwenye shirika moja la umma. Likabinafsishwa, tukapunguzwa kazi, tukapewa kiinua mgongo na kwaheri. Wenzangu wengine walifuga kuku, wengine walioa. Mie nilishaoa tayari, tena mara mbili, nikasema nafungua ofisi ya kuchapa barua na kadi. Wachapaji nilikuwa nao nyumbani.

Wachapaji wenyewe ni hao wake zangu.

Bi mkubwa ni Mama Zuhura. Alikuwa katibu muhtasi miaka chungu nzima, anapiga taipureta huku anakusema na hakosei hata herufi moja. Bi mdogo ni Mama Rashidi, yeye alisomea kompyuta mjini. Kadi za harusi ndiyo kazi yake, maua pembeni, pete mbili, maandishi yamejikunja utadhani yameandikwa kwa mkono. Mkubwa anakaa Temeke, mdogo Tandika, na mie katikati nahamahama na mswaki wangu mfukoni.

Sasa hapa naomba mnielewe vizuri.

Nilipotaka kuoa mke wa pili, Mama Zuhura hakulia wala hakugomba. Alisema neno moja tu mbele ya kaka yake: "Mie sikatai. Ila siku nikipewa pungufu ya mwenzangu narudi kwetu Mbagala, na nauli simwombi mtu."

Yule mwanamke hatishii, anatoa taarifa. Na mie nilikuwa nampenda, bado nampenda, sikutaka kumkosa.

Tangu hapo nikawa mtu wa mizani. Kanga nanunua doti mbili, rangi moja, maneno yale yale. Samaki nachagua wanaolingana mpaka muuza samaki ananiuliza kama nawapeleka shule. Mkienda kuuliza Temeke nzima watawaambia hapakuwa na mume mwenye haki kama mie. Ndivyo nilivyokuwa najidanganya.

Haya, nikaenda Kariakoo kutafuta kompyuta.

Jamaa wa dukani, mtu mzima wa miwani, alinionyesha vitu viwili. Kwanza mashine mbili ndogo za mtumba, za aina ya zamani ya 486, zimechoka rangi lakini zinafanya kazi. Pili lidude limoja likubwa lililotoka kwenye ofisi ya mradi uliofungwa. Fedha yangu inatosha mojawapo, zile mbili ndogo au hilo moja kubwa.

Akili ya kawaida inasema nini? Watu wawili, mashine mbili, funga kazi.

Lakini nikauliza swali la mtu wa mizani. "Hizi ndogo zinalingana?"

Jamaa akasema hapana, moja ina mbio kuliko mwenzake.

Hiyo ya polepole nampa nani? Nikimpa mkubwa, Mbagala. Nikimpa mdogo, naye ana ulimi, usimwone mnyamavu mbele ya wageni.

Nikamuuliza, na hili kubwa je? Akatabasamu. "Mzee, hili lina processor mbili ndani. Mapacha. Zimetoka kiwanda kimoja, mbio zile zile."

Wakuu, niliona kama kaniletea fatwa. Wake wawili, processor mbili, zote sawa, ndani ya sanduku moja. Hata sikuomba apunguze bei. Nililipa nikatafuta mkokoteni.

(Najua wapo wajuaji wameshaanza kuandika. Tulieni, nawafikia.)

Pale ofisini Tandika nilitengeneza utaratibu wangu. Asubuhi zamu ya Mama Zuhura, mchana zamu ya Mama Rashidi. Na juu ya lile sanduku, ambalo sote tulikuwa tunaliita CPU, nikaandika kwa maka pen. Kushoto MAMA ZUHURA. Kulia MAMA RASHIDI.

Nikawaeleza kwamba kila mtu ana processor yake, hakuna wa kuchakaza ya mwenzake. Wakatazamana. Mama Zuhura akasema, "Haya, Baba Zuhura, umesema wewe." Nikachukulia kwamba wameridhika.

Mwezi wa kwanza hivi, kesi zikaanza.

Mama Rashidi analalamika akija mchana anakuta mashine imechoka. Mama Zuhura anaweka kiganja upande wa kushoto, anaweka kulia, anasema mbona wa mwenzangu una joto na wangu wa baridi. Nikamwambia wewe unachapa barua tu, mwenzio anachapa maua. Nilijiona hakimu kwelikweli.

Kumbe kiganja chake kilikuwa kinajua kuliko mie.

Mwezi wa tatu mashine ikawa inazimika yenyewe. Nikamwita fundi, dada mmoja wa Tabata anaitwa Vero, binti mpole, mwenyeji wa Moshi. Akatusalimia shikamoo sote watatu, akafungua sanduku, akapuliza vumbi mpaka tukakohoa. Mashine ikawaka. Ningemlipa pale pale akaondoka, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Mama Zuhura akamwambia, "Mwanangu, hebu nitazamie. Huu upande wangu mbona haupati moto?"

Vero akasoma yale maandishi yangu. Akanitazama. Nikamkonyeza, wakuu, nikamkonyeza jicho mpaka likaniuma.

Masikini, mtoto wa watu hajui kudanganya.

"Mama, hii Windows iliyowekwa humu inatumia processor moja tu. Hii ya pili ipo ipo tu, haifanyi kazi yoyote."

Mama Zuhura akainama akachungulia ndani ya sanduku.

"Inayofanya kazi ni ipi?"

"Hii ya kulia, mama."

(Haya, wajuaji, sasa semeni. Ndiyo, ipo Windows nyingine ambayo ingezitumia zote mbili. Vero alisema hivyo hivyo na akasema anaweza kuileta kesho. Kwa hali ilivyokuwa mle ndani, kesho ilikuwa mbali sana.)

"Kwa hiyo," Mama Zuhura akasema taratibu, "miezi mitatu mie natumia ya mwenzangu. Yangu ni jina tu kwenye sanduku."

Nikajaribu kucheka. Nikasema si mnaona, mmeshirikiana bila kujua, mapenzi hayo. Hata Vero aliinamisha kichwa.

Mama Zuhura akachukua mkoba wake, akajitanda kanga, akatoka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikamgeukia Mama Rashidi nikidhani huyu atakuwa upande wangu, si yake ndiyo inayofanya kazi? Akaniuliza, "Humfuati?"

Nikasema ngoja apoe kidogo.

"Basi namfuata mie," akasema. Na akaenda kweli!

Hakurudi siku ile. Wala kesho yake. Wake zangu wote wawili wamehamia Mbagala kwa shemeji yangu, na mie nimebaki Tandika na processor zangu mbili. Mwenyekiti wa kamati ya harusi kakaa kwenye benchi anadai kadi zake. Nilijaribu kuchapa mwenyewe kwa kidole kimoja, nikaandika "Familia ya" nikatokwa jasho. Yule baba akaniuliza kwa upole kama kuna ofisi nyingine jirani.

Usiku sikupata usingizi. Nitasema ukweli, niliogopa. Siyo kuogopa watu watanicheka, kucheka walishacheka. Niliogopa kwamba yule mama nimempoteza.

Siku ya tatu nikavaa kanzu nikaenda Mbagala.

Shemeji alinipokea vizuri, nikamwamkia, akanikaribisha mkekani. Wake zangu wakatoka ndani pamoja, wanacheka kitu chao, waliponiona wakaacha kucheka. Wanaume mnaijua hali hiyo.

Nikaomba msamaha. Nikasema kosa ni la yule muuzaji, nikasema kosa ni la Windows. Nikasema narudi Kariakoo hata kwa miguu nitafute haki ya kila mtu.

Mama Zuhura akanikatiza. "Baba Zuhura, mie na huyu hatujagombana. Tulishaongea kabla hujaenda dukani."

"Mliongea nini?"

Mama Rashidi ndiye aliyejibu. "Tulitaka mashine mbili, hata mbovumbovu. Dada anachapa barua, ya polepole inamtosha. Mie wa maua ndiyo nilitaka yenye mbio. Tulikuwa tunasubiri utuulize."

Nikamtazama Mama Zuhura. Nikamuuliza, wewe ungekubali kuchukua ya polepole?

"Kwa nini nikatae? Herufi inahitaji mbio za nini?"

Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe ya siku ile, kwamba asipewe pungufu. Akavuta pumzi.

"Pungufu ni kuamuliwa, mume wangu. Miaka kumi na nane nachapa, halafu umekwenda kuninunulia mashine bila kuniuliza mie nachapaje."

Shemeji akajifanya anatafuta kofia yake. Mie sikuwa na pa kutazama.

Kufupisha habari, Vero alilichukua lile lidude akamuuzia jamaa mmoja aliyekuwa anatafuta la aina hiyo, fedha akatuletea, sie tukaenda Kariakoo watu watatu. Zile 486 zilikuwa bado zipo. Wake zangu wakazijaribu wenyewe, wakachagua, wakaomba bei ipunguzwe na ikapunguzwa. Mie nilibeba.

Ofisini nao wakanipangia kazi: kufuata karatasi na kupika chai. Siku ya kwanza nikaweka vikombe viwili, nikasema sasa nimejifunza, wacha niulize. "Mama Zuhura, sukari vijiko vingapi?"

Akasema hatumii sukari.

Wakuu, mie kila mwezi nilikuwa napeleka sukari kilo mbili Temeke na kilo mbili Tandika, napima mwenyewe, sina deni na mtu. Kumbe hospitali walimkataza tangu miaka miwili nyuma. Sukari yote ilikuwa inahamia kwa Mama Rashidi, na huyu anamrudishia unga wa mtama.

Nikamuuliza mbona hukuniambia una ugonjwa.

Akasema, "Nilikwambia. Ulikuwa unasikiliza mpira redioni, ukaniitikia sawa."

Nikatoka nje nikasimama ukutani. Nililia, sioni haya kusema.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kununua, core ngapi mie sikuambii. Kama mashine ni yako, jiulize unafanyia nini. Kama ni ya mke, mtoto au mfanyakazi wako, zima redio kwanza, mkae, umuulize, na akijibu umsikilize mpaka mwisho.

Nimemaliza. Mafundi nirekebisheni nilipokosea mambo ya processor, na wenye wake wawili semeni ukweli humu, hivi nyie mnaulizaga?